Rangi ya Bibo

Nyekundu gani? akauliza Bwana Nandonde,
na nyuma yake majora yamesimama
kama wanafunzi waliochelewa mstarini.
Nikampa simu. Akaipeleka mlangoni, juani,
akairudisha kivulini, akacheka:
Dada, koti lako lina rangi tatu
na duka langu halina hata moja.

Kweli. Ndani ni damu.
Nje ni tofali.
Usiku, nikiwa nimelala nalitazama,
ni kaa la moto linalokaribia kuwa jivu.

Mwenye koti hayupo. Amechorwa tu:
mlinda daraja, mrefu, hasemi,
koti limemfika kisiginoni, kola imemziba masikio
kwa baridi ya nchi ambayo mchoraji hakuitaja.
Mimi ni Asumini, nagawa dawa Ligula,
futi tano na inchi moja nikivaa viatu.
Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ukumbini Shangani,
tutakuwa kumi na mmoja
tusio sisi.

Kesho yake nikarudi na bibo.
Nimeliokota njia ya Naliendele, limeiva jana,
korosho nimeshaing'oa.
Nikaliweka mezani: nyekundu hii.

Hapo tukaelewana.
Akashusha satini. Inang'aa mno,
mlinda daraja haendi kuolewa.
Akashusha tetroni. Inasema ukitembea,
na yule bwana hasemi.
Akapanda ngazi, akapiga vumbi, akashusha gabadini
nzito, imekaa juu huko
misimu mingi kuliko bei yake.
Nikalisogeza bibo. Nikalisogeza tena.
Likatema.

Tone moja.
Na Mtwara nzima inajua:
ndimu, jiki, majivu, dua,
maji ya bibo yakishika nguo, ni ndoa.
Bwana Nandonde akachukua mkasi, hakuuliza kitu.
Mita nne, akasema. Umeshanunua.

Koti? akashangaa shangazi Somoe. Novemba hii?
Una homa?
Lakini alikuwa tayari amesogeza pembeni
sketi za shule, za bluu, ishirini na mbili,
amening'iniza futi kamba shingoni.
Futi kamba yake imefutika
kati ya ishirini na sita na thelathini na moja.
Kiuno changu kikaangukia humo.
Tukakisia.

Mkono wa kushoto nimeushona ndani nje
mara mbili. Nimefumua mara tatu,
maana mara moja nilifumua ulio sawa.
Bitana hatukuweka: nilitaka kumwigiza,
sikutaka kufa.
Kola ikagoma kusimama. Ikalala kama sikio la mbuzi.
Kanvasi ni ghali, shangazi akatoka uani
akarudi na gunia la korosho,
akalikata, akalikunja, akalifungia ndani,
na kola ikainuka,
inawasha,
inanuka ghala na mvua ya mwaka jana.

Lililobaki ni doa.
Weka kwapani, alisema shangazi,
kwapa la kila mtu lina siri yake.
Akaugeuza mchoro wa kukatia hivi, akaugeuza vile,
chaki mdomoni.
Nikamwambia liache hapa, ubavuni,
pale upanga ungepita kama ungepita.

Mlinda daraja hajawahi kuguswa.
Nimezitazama picha zake zote.
Wangu ameguswa, dukani, mchana kweupe,
na tunda.

Usiku nikalivaa. Umeme umekatika, feni imekufa,
jasho linanitiririka hadi vifundoni,
na kwenye kioo cha kabati, kwa taa ya simu,
amesimama mtu nisiyemjua
mabega yamekaa.

Shangazi akatazama muda mrefu.
Nikangoja aseme joto, aseme hela, aseme umri wangu.
Huyu ana jina?
Hana, shangazi. Hawakumpa.
Basi mwambie asitikisike,
akasema, akapiga goti penye pindo,
akaukata uzi kwa meno.